Nilimvalisha punda mgeni sogi ya marehemu: yaliyonikuta Rusimbi na Shangazi aliyegoma kula

Wakuu, habari za muda huu.

Naandika huku nimejaa furaha, kwa hiyo mkikuta herufi zimerukana msinisute. Ninayosimulia ni kweli tupu, nimeyaona kwa macho yangu haya mawili, na mume wangu ni shahidi ingawa yeye atasema nimetia chumvi. Wale wa "hii chai" kaeni mkao wa kunywa, vitumbua mtajitafutia.

Uzi ni mrefu kidogo. Vumilieni.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Rusimbi, huku Kigoma Ujiji. Kazi yangu ni punda.

Ndiyo, umesoma vizuri. Punda.

Pale mwaloni, yaani pale mitumbwi inapotia nanga na kina mama wanapoanika dagaa, kuna kilima cha mchanga kabla hujafika barabarani. Bodaboda haipandi. Bajaji haipandi. Mume wangu Haruna ana bajaji, aliwahi kujifanya fundi akaipandisha, ikazama mpaka ekseli, ikavutwa na punda wangu wawili. Hiyo picha ninayo, siku akinikorofisha namwonyesha.

Kwa hiyo magunia ya dagaa wakavu yanapanda kwa punda. Nilikuwa nao wanne. Shangazi, jike mzee kiasi, ndiye anayeongoza njia. Sultani, dume aliyehasiwa, anamfuata nyuma. Halafu Waziri na Kiberiti, hawa ni mashoga, mmoja akienda kunywa maji na mwingine kiu inamshika.

Kitu ambacho sikukijua miaka yote, na naomba mkikariri, ni kwamba punda wanaishi wawili wawili. Ukiwa na wanne, usidhani una kundi moja. Una ndoa mbili.

Sasa asubuhi moja Sultani aliamka hana raha. Anajilamba ubavu, anajilaza, anainuka. Nikasema abaki nyumbani apumzike, nikaenda mwaloni na wale watatu.

Haijafika saa nne Haruna akanipigia. "Rudi. Sultani ameanguka."

Niliwaacha punda kwa kina mama pale mwaloni, nikadandia bodaboda. Nafika, keshakata roho. Tumbo ndilo lililomuua.

Wakuu, nililia. Wapo walionicheka, na bado wananicheka. Miaka saba mnyama anakubebea riziki halafu usimlilie?

Hapa ndipo nilipofanya kosa, na nililifanya kwa nia njema kabisa.

Mimi ni mtoto wa Ujiji. Kwetu aliyekufa hacheleweshwi. Akifa asubuhi, adhuhuri yuko kaburini, ndivyo nilivyolelewa. Najua punda si maiti, ni mzoga, jirani mmoja alinikumbusha mara tatu nikataka kumrushia koleo. Lakini moyo wangu ulisema hivi: wenzake wasirudi wakamkuta amelala hivi. Wataumia bure.

Basi tukachimba nyuma ya kiwanja, Haruna na majirani wanne. Adhuhuri inaadhiniwa sisi tunasawazisha udongo. Nikamwaga maji zizini, nikafagia, nikatandika majani mapya. Nikajisifu kabisa kwamba nimemstahi.

Jioni nikawarudisha wale watatu.

Shangazi aliingia zizini, akaenda moja kwa moja kwenye kona ya Sultani. Akanusa. Akazunguka. Akanusa tena. Akatoka akasimama mlangoni akilia, sauti ile ya punda ya kukwaruza, akitazama njia.

Akalia mpaka sauti ikamkauka.

Kesho yake hakula. Nikasema kawaida. Keshokutwa akang'ata majani mara mbili akaacha. Nikampa pumba, akageuza uso. Nikampa maganda ya mihogo, kitu ambacho kwa kawaida angenivunja mkono akikigombea, akayanusa akaondoka zake kusimama mlangoni.

Siku ya nne nikamwita daktari wa mifugo. Kijana mpole, akampima kote kote, mdomo, tumbo, kwato.

Akaniambia, "Mama, mwili hauna kitu. Huyu ana msiba."

Nikataka kucheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba punda akigoma kula siku nyingi, mafuta ya mwilini yanaingia kwenye damu, ini linachoka, na ukishafika huko humrudishi. Akamnywesha maji ya glukosi kwa mpira na kunifundisha namna ya kumnywesha mwenyewe. Akasema hii inamshikilia tu, haimponyi. "Mtafutie mwenzake. Na umtafutie haraka."

Nikasema lakini ana Waziri na Kiberiti.

Akawatazama wale mashoga wawili, kila mmoja ameweka kidevu mgongoni mwa mwenzake. "Hao wana mambo yao."

Wakuu, niliingiwa na stress ya kweli. Shangazi ndiye punda wangu wa kwanza. Nilimpata nikiwa na mimba ya kifungua mimba wangu. Watoto wangu wote watatu wamejifunza kutembea wakimshika mkia, na hajawahi kumpiga teke hata mmoja. Kumuona anakonda mbavu zinahesabika, halafu mimi ndiye nisiyejua anataka nini, iliniuma kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Ila Mungu ana mipango yake. Mwezi ulikuwa unakaribia kujaa. Wasio wa huku niwaeleze: dagaa wa ziwani wanavuliwa kwa taa gizani. Mbalamwezi ikiwaka, samaki hawafuati taa, mitumbwi inapumzika siku kadhaa, na mwalo unakuwa mtupu. Kwa hiyo nilikuwa na nafasi ya kuhangaika bila kazi kunikaba.

Nikapanda gari kwenda Kasulu.

Huko nikaelekezwa kwa mama mmoja wa Kiha, mkulima, anaitwa Mama Nestori. Ana punda kama kumi na wawili na anawajua kama unavyowajua wanao.

Jamani yule mama alinihoji! Nilikuja kununua punda, nikajikuta napigwa maswali kama mtu aliyekuja kuposa. Unaishi wapi? Kuna kivuli? Punda wako wanabeba kiasi gani? Siku ya kupumzika ni ipi? Umewahi kumpiga punda kwa hasira? Hilo la mwisho nilijibu nikitazama chini, kwa sababu Kiberiti aliwahi kula kitenge changu kipya kwenye kamba.

Mwisho akanichagulia dume mdogo, miaka mitatu, amehasiwa, rangi ya majivu, macho makubwa. Jina lake Mugisha, maana yake baraka. Akamfunga shingoni kishada cha nyasi za nyumbani kwao. Akamwambia kitu kwa Kiha sikioni, mimi sikuambiwa ni nini.

"Ukifika unipigie," akaniambia. "Na kesho unipigie. Na keshokutwa."

Nikasema sawa mama. Nikasahau.

Tukapanda lori mpaka Rusimbi. Wakuu, mapokezi! Mtaa mzima nje. Kina mama wanapiga vigelegele, watoto wanaimba. Nami kichwa kikavimba, nikasema leo nifanye mambo kiukubwa.

Nikaingia ndani nikatoa sogi ya Sultani. Sogi ni ile mifuko miwili ya ukindu inayolala mgongoni mwa punda, mmoja huku mmoja kule, ndiyo tunapakia mzigo. Ya Sultani ilikuwa nzuri kuliko zote, niliifuma mwenyewe. Nikamvalisha Mugisha. Nikaona amependeza, amefanana na wenyeji, sasa mgeni si kuku mweupe tena.

Nikafungua zizi nikamwingiza.

Shangazi alikuwa amesimama kona ya mwisho, kichwa chini. Upepo ukampelekea harufu.

Akainua kichwa. Masikio mbele, yote mawili.

Akalia! Kwa mara ya kwanza baada ya siku sita, akalia kwa nguvu, akaja mbio. Mimi naruka juu, nampiga Haruna mgongoni, "Umeona? Umeona?" Haruna mwenyewe kidogo apige kigelegele.

Shangazi akafika, akatia pua kwenye sogi. Akavuta harufu ndefu. Akapanda na pua taratibu, shingoni, mpaka usoni.

Akasimama.

Nilimwona mimi mwenyewe alivyogundua kwamba si yeye.

Kilichofuata, wakuu, sijui niseme nini. Alimng'ata shingo, akageuka akamtandika mateke mawili ya mfululizo, na Waziri na Kiberiti, ambao siku zote hawana habari, nao wakajiunga. Mugisha masikini akapasua ua wa minyaa akatoka nduki, sogi inapigapiga ubavuni.

"Shukrani ya punda!" Haruna anapiga kelele huku anawasha bajaji.

Tukamfukuza. Watu wanatuelekeza kwa vidole, "Kapita huku! Kapita huku!" Tukavuka barabara, tukaingia Gungu. Mimi nimetoa mwili wote nje ya bajaji, ushungi uko mabegani, nauliza kila mtu kama ameona punda amevaa sogi. Mtu anakuuliza kwa upole, "Ya rangi gani?" Kana kwamba wapo wengi.

Tukamkuta kwa fundi seremala.

Fundi alikuwa amepanga bidhaa zake nje, vitanda, makabati, na dressing table moja yenye kioo kirefu. Mugisha amesimama mbele ya kioo. Ametulia tuli. Pua imegusa kioo, imekiwekea ukungu. Anamtazama yule punda wa ndani.

Fundi akaniambia, "Ana dakika kumi hapo. Nikimsogeza analia."

Pale ndipo nilipokaa chini kwenye kitanda cha watu nikalia kwa sauti. Maana nilikuwa na punda wawili wapweke, nami ndiye niliyewagombanisha.

Tukamrudisha, tukamfunga uani kwetu, mbali na wenzake. Haijapita saa moja simu ikaita. Mama Nestori.

"Hamkunipigia."

Nikaweka spika ili Haruna asikie, nikamweleza yote. Halafu akauliza, "Huyo aliyekufa, wenzake waliagana naye?"

"Kuagana vipi, mama?"

"Mlimwacha hapo wakamnusa?"

Nikamwambia tulimzika kabla hawajarudi, tukafagia, ili wasiumie.

"Ego, ndiyo hivyo. Basi huyo Shangazi hajui kama mwenzake amekufa. Anajua ametoka. Anamngoja mlangoni. Sisi huku tunamwacha hapo alipolala, wanakuja, wanamnusa, wanakaa naye, wengine siku nzima. Wakimaliza wanaondoka wenyewe. Ndipo tunazika."

Nikamtazama Haruna.

"Na sogi ulimvalisha ya nani?"

Nikamwambia.

"Mama we! Mumeo akifa leo, kesho nikuletee mwanaume amevaa kanzu yake?"

Haruna akasogea kwenye simu. "Shikamoo mama. Mimi nipo hapa hapa, mzima."

"Marahaba mwanangu. Ukae hivyohivyo."

Halafu akanipa maelekezo. Alisema sogi ndiyo kitu pekee cha Sultani kilichobaki juu ya ardhi, nimpe Shangazi. Nisimwondolee mpaka aiache mwenyewe. Mugisha nimkalishe jirani na zizi, boriti katikati, waonane bila kufikiana. Kila siku nibadilishe majani wanayolalia, ya huyu kwa yule. Na nisimwingize zizini mwa mwenzake tena. Siku ya kukutana, niwapeleke mahali ambapo hakuna mwenyeji.

Asubuhi nikaiweka sogi zizini, chini, katikati. Nikasogea.

Shangazi akaja. Akaizunguka. Akatia kichwa ndani ya mfuko mmoja, akatulia humo. Wakuu, alisimama vile tangu asubuhi mpaka alasiri. Akikitoa kichwa ni kubadilisha mfuko tu. Waziri na Kiberiti nao wakapita wakanusa, wakaenda zao kivulini.

Karibu na magharibi akailalia. Sikuwahi kumwona amelala chini tangu msiba.

Kesho yake akaiacha. Akaenda kunywa maji. Na hakusimama mlangoni.

Nilitaka kumpigia kila mtu niliyemjua. Lakini kula, bado. Majani mawili matatu tu. Nilikuwa namnywesha glukosi asubuhi na jioni, na mkono nikiupitisha ubavuni mwake unapita kwenye mifupa mitupu. Daktari alikuja tena, akavuta kope akatazama, akasema tusubiri siku mbili. Hakusema baada ya hizo mbili kuna nini na mimi sikuuliza.

Mugisha upande wake wa boriti alikuwa na adabu za ajabu. Shangazi akimkazia macho, anatazama pembeni. Akisogea, anarudi hatua. Siku ya nne nikawakuta wamesimama ubavu kwa ubavu, boriti katikati, hawatazamani, kama watu waliogombana ndani ya nyumba moja.

Nikamwambia Haruna, kesho.

Akaniuliza, "Na akimvunja mguu?"

Nikamwambia, "Na akifa njaa?"

Tukawapeleka mwaloni. Mwezi ulikuwa bado mkubwa, mitumbwi imevutwa nchi kavu, mchanga wa kuanikia mtupu na mweupe. Hapo si kwa Shangazi wala si kwa Mugisha. Palikuwa na kina mama kama watano wanatengeneza chanja zao za kuanikia dagaa, akiwemo Bi Zamda, mama wa Kikongo mwenye mdomo kuliko mwalo mzima. Alikuwa ameweka kikapu chake cha matembele kwenye jiwe, mboga yake ya mchana.

"Mumekuja kupiganisha ndovu?" akatuuliza.

Tukafungua kamba.

Shangazi akalaza masikio. Akamwendea. Mugisha akashusha kichwa akaanza kutafunatafuna hewa, mdomo unafunguka na kufungika bila kitu ndani. Ile ni heshima ya punda mdogo, ndiyo shikamoo yao. Shangazi hakuitikia. Akamkimbiza mzunguko mzima wa mchanga, akarusha teke likapita hewani, kina mama wakapiga yowe. Haruna akataka kuingia kati, nikamshika shati. Kifungo kikang'oka.

"Mwache," namwambia, na mimi mwenyewe nimefumba jicho moja.

Mzunguko wa pili, polepole. Wa tatu, anatembea tu.

Halafu akasimama. Akanusa mchanga. Akakunja magoti, akajitupa chini, akagaagaa! Miguu minne juu, upande huu, upande ule, vumbi linaruka. Akainuka, akajikung'uta, akasogea hatua tano.

Mugisha akafika pale pale. Akanusa mchanga pale alipogaagaa mwenzake. Akamtazama.

Akalala akagaagaa palepale.

Shangazi akarudi akasimama juu yake. Wakuu, hakuna aliyepumua. Mnyama yuko chini, tumbo wazi, na yule ana kwato zake.

Mugisha akainuka taratibu. Shangazi akanyoosha shingo, akaweka meno juu ya bega lake.

Akaanza kumkuna.

Kumkuna hasa! Kwa meno ya mbele, polepole, kama mama anayemtafuta mtoto chawa. Mugisha naye akamkuna mgongo. Nilimkumbatia Haruna, nikamkumbatia mama wa pembeni, nadhani nilikumbatia na chanja.

Na tukiwa katika kelele hizo, Mugisha akageuka, akaona kikapu. Akakiendea moja kwa moja, akavuta fungu la matembele.

"We punda! Mboga yangu iyo!" Bi Zamda akainua fimbo.

Shangazi akamfuata Mugisha. Akashika ncha ya pili ya fungu lile lile.

Akatafuna.

Akameza.

Akachukua lingine.

Bi Zamda alibaki na fimbo juu. Wote pale mwaloni wanajua habari ya Shangazi, wiki nzima walikuwa wananiuliza amekula? amekula? Akaishusha fimbo, akakaa kwenye mchanga, akasukuma kikapu kwa mguu kiwasogelee.

"Basi mule," akawaambia. "Leo ntakula ugali na chumvi."

Kikapu kizima kilikwisha wakuu. Kizima.

Sasa update. Giza limerudi, mitumbwi imeingia, magunia yanapanda kilima. Mugisha ana sogi yake mpya, nimemfumia. Daktari amesema Shangazi yuko salama. Mama Nestori nampigia kila Ijumaa na ananiambia nimpe simu Mugisha.

Nilichojifunza ni kwamba haraka yangu haikuwa ya Sultani. Ilikuwa yangu mimi, sikutaka kuyaona macho ya Shangazi akimkuta pale. Nilimnyima kuaga nikadhani namwonea huruma. Na mgeni naye nikamtwisha nafasi ya marehemu siku ya kwanza, kabla hata hajaambiwa karibu.

Wenye punda, ng'ombe, mbuzi, hata kuku, njooni hapa mseme: mlimwingizaje mgeni? Aliyepitia msiba wa mnyama na wenzake aje pia, asione haya. Wa kunicheka nao karibuni.

Ila mje taratibu, nimekaa nje ya zizi na Shangazi anakula.